Injini inatetemeka asubuhi: kuujua, kuuondoa na kuuzuia ukoko wa kaboni kwenye valvu za hewa

Unawasha gari saa kumi na mbili asubuhi. Injini inashika, lakini inatetemeka kama mtu mwenye homa. Mshale wa mizunguko unapanda na kushuka, taa ya injini inapepesa, na baada ya dakika moja au mbili kila kitu kinatulia. Ukifika gereji saa nne, gari limeshapata moto na linaunguruma vizuri. Fundi anasikiliza, haoni kosa, anakwambia ubadilishe plagi. Unabadilisha. Kesho yake asubuhi ni yale yale.

Kama gari lako ni Volkswagen ya TSI, Audi ya TFSI, Mazda yenye injini ya Skyactiv, Nissan X-Trail T32, au Toyota Noah ya zamani yenye maandishi ya D-4 juu ya injini, basi kabla hujanunua kifaa kingine chochote, fikiria mgongo wa valvu za hewa. Huenda umejaa ukoko. Huenda pia hauna kitu na tatizo liko kwingine, na ndiyo maana nimeamua kuandika haya kwa kufuata dalili. Naumia nikiona watu wamefunguliwa manifodi (mabomba yanayogawa hewa kwa kila silinda) bila sababu, na naumia zaidi nikiona waliosafishiwa valvu vizuri kabisa, lakini chanzo cha uchafu kikaachwa palepale.

Kwa nini hizi na siyo IST

Kwenye injini ya kawaida, kama 1NZ-FE ya Toyota IST, nozeli, kifaa kinachopuliza mafuta, imekaa kwenye njia ya hewa na inapuliza petroli mgongoni mwa valvu kabla valvu haijafunguka. Kila mpulizo unaiosha valvu. Petroli ni kiyeyushi, na ikiwa ina kemikali za kusafishia, valvu inabaki safi kwa miaka.

Injini za petroli inayopulizwa moja kwa moja zimeihamisha nozeli hadi ndani ya silinda yenyewe. Mitsubishi ilianza kuiuza teknolojia hii kwa wingi mwaka 1996 kwenye Galant ya GDI, Toyota ikaja na D-4, Volkswagen na Audi wakaja na FSI na baadaye TSI na TFSI, na Mazda ikaleta Skyactiv-G mwaka 2011. Faida zipo: nguvu zaidi na ulaji mdogo wa mafuta. Lakini valvu ya hewa haiguswi tena na petroli. Kinachopita mgongoni mwake ni hewa, na ndani ya hewa hiyo kuna mvuke wa oili.

Mvuke huo unatoka tumboni mwa injini. Gesi zinazopenya kwenye ringi za pistoni hushuka kwenye oili, na kwa kuwa haziruhusiwi kutolewa nje, mfumo wa PCV huzirudisha kwenye manifodi ili zichomwe. Zinabeba matone madogo ya oili. Magari yenye EGR, mfumo unaorudisha sehemu ya moshi wa ekzosti kwenye manifodi, huongeza moshi wenye masizi juu yake. Hata pasipo EGR ya nje, moshi kidogo hurudi nyuma pale valvu ya hewa inapoanza kufunguka kabla ya valvu ya moshi kufunga kabisa. Oili, masizi na chuma cha moto, bila kitu cha kusuuza. Wali ulioachwa kwenye sufuria juu ya makaa bila kugeuzwa hufanya hivyohivyo: tabaka la kwanza hushika, la pili hukauka juu yake, na mwisho unapata ukoko ambao mwiko hauubandui.

Ndiyo maana chupa ya dawa unayomimina kwenye tangi haitausafisha ukoko huu. Dawa hiyo inapita kwenye nozeli, inaisafisha nozeli, kisha inachomwa ndani ya silinda. Mgongo wa valvu hauufikii kamwe. Inunue kwa ajili ya nozeli kama unataka, lakini usiuziwe kwa jina la valvu.

Zipo injini zilizotatua jambo hili kwa kuwa na nozeli za aina zote mbili, moja ndani ya silinda na nyingine kwenye njia ya hewa. Toyota wanauita mfumo huo D-4S, na Toyota 86 pamoja na pacha wake Subaru BRZ wanautumia. Ukiwa na gari la namna hiyo, ukoko wa valvu uuweke mwisho kabisa kwenye orodha ya watuhumiwa.

Dalili ya kwanza: inamisi ikiwa ya baridi, ikipata moto inaacha

Kumisi ni silinda kukosa kuwaka inavyotakiwa, na kumisi kwa asubuhi tu ndiyo alama ya ukoko. Injini ikiwaka asubuhi, kompyuta huchelewesha moto wa plagi kwa makusudi ili masega ya ekzosti, yale yanayosafisha moshi, yapate joto haraka. Muda huo mwako ni dhaifu. Silinda ambayo hewa yake inapita kwenye mgongo wenye mabonde na vilima haipati hewa sawa na wenzake, wala hewa hiyo haizunguki inavyotakiwa ikachanganyika na petroli. Inamisi. Injini ikipata moto mwako unakuwa na nguvu, na kasoro hiyohiyo haisikiki tena.

Chomeka mashine ya kusoma makosa asubuhi, kabla gari halijawashwa. Ukoko hutoa namba P0300, au mchanganyiko wa P0301 hadi P0304, na mara nyingi silinda inayomisi leo siyo ya jana. Angalia hesabu ya kumisi kwa kila silinda katika dakika ya kwanza, kisha uiangalie tena baada ya dakika kumi. Ikiwa hesabu zinaongezeka dakika za mwanzo kisha zinasimama, kwenye silinda mbili au zaidi, ukoko unapanda juu ya orodha.

Kama ni silinda moja tu, na ni ileile kila siku, anza na koili, ile inayoipa plagi umeme. Hamisha koili ya silinda inayomisi uiweke kwenye silinda nyingine, uache gari lilale, uwashe asubuhi. Kosa likihama na koili, umeshapata jibu kwa gharama ndogo. Lisipohama, fanya hivyohivyo kwa plagi. Lisipohama tena, hapo ndipo unafika kwenye nozeli.

Nozeli inayovuja nayo husumbua wakati wa kuwasha, lakini mara nyingi husumbua zaidi injini ikiwa ya moto: umesimama dukani robo saa, ukirudi stata inazunguka muda mrefu, na injini ikishika inanuka petroli. Chomoa kijiti cha oili unuse. Kikinuka petroli, au kiwango cha oili kimepanda bila kuongezwa, mafuta yanashuka kwenye oili. Tatizo hilo litibiwe kwanza, kwa sababu oili iliyochanganyika na petroli hutoa mvuke mwingi zaidi na huharakisha ukoko.

Dalili ya pili: gari halina nguvu ukikanyaga sana

Kwenye sailensi (injini ikizunguka bila kukanyaga mafuta) liko sawa, mjini liko sawa, lakini ukitaka kulipita lori barabara ya Chalinze, linagoma likifika mizunguko 4,000. Ukoko unaweza kufanya hivyo kwa sababu umepunguza upana wa njia ya hewa, na injini inahisi upungufu huo pale inapohitaji hewa nyingi.

Hata hivyo nakuomba usianzie huko. Chujio la hewa lililojaa vumbi hufanya hivyohivyo, na kwetu vumbi halina msimu. Masega yaliyoziba hufanya hivyohivyo. Pampu ya presha kubwa iliyochoka hufanya hivyohivyo, na huandika P0087 inaposhindwa kufikisha presha. Bomba la turbo lililopasuka hufanya hivyohivyo, na utalisikia likipiga mluzi. Ukoko peke yake huiba nguvu kidogo kidogo kwa miaka, hata dereva akauzoea bila kujua. Nguvu iliyopotea ndani ya wiki moja haikuibwa na ukoko.

Dalili ya tatu: sailensi inashuka, gari linazimika kwenye foleni

Unapunguza mwendo kufika kwenye taa, mizunguko inaporomoka, AC ikiingia injini inakata. Kwa Noah na Voxy za AZR60, Premio na Allion za lita 2.0, Opa na wenzao wa injini ya 1AZ-FSE, hili ni jambo la kawaida kiasi kwamba watu walishaanza kuzikimbia D-4 zote kwa jina tu. Si haki. Mara nyingi ni throto (mlango wa kipepeo unaoingiza hewa kwenye injini), njia ya EGR na vile vipepeo vilivyomo kwenye manifodi ndivyo vilivyojaa masizi hadi havifungi au havifunguki vyema. Valvu huwa chafu pia, lakini si zenyewe zinazozima gari.

Anza na throto. Zima gari, chomoa bomba la hewa, nyunyizia dawa kwenye kitambaa, ufute ukingo wa kile kipepeo na ukuta unaokizunguka. Kama throto ni ya umeme, usikisukume kipepeo kwa nguvu; utavunja gia ndogo zilizo ndani. Ukimaliza, sailensi inaweza kuwa juu kwa muda hadi kompyuta ijifunze upya, na baadhi ya magari yanahitaji mashine kufanya hivyo. Usimlaumu fundi kwa mizunguko ya saa ya kwanza.

Kisha EGR. Ikiandikwa P0401, njia yake imeziba. Inafunguka, inasuguliwa, inarudishwa. Kwenye injini za D-4 nimekuta tundu la EGR upande wa manifodi limebaki upenyo wa kalamu.

Dalili ya nne: kumisi kwa mfululizo na kompresheni ndogo

Hapa jambo limeshakua. Kipande cha ukoko kinaweza kubanduka na kunasa kati ya valvu na kiti chake, ikawa haifungi. Pima kompresheni. Silinda ikiwa chini ya wenzake, mimina kijiko cha oili kupitia tundu la plagi upime tena. Ikipanda, ringi zimechoka. Isipopanda, valvu au gaskiti ya silinda hedi. Fundi mwenye kifaa cha kusukuma upepo kwenye silinda atakupa jibu la wazi zaidi: pistoni ikiwa juu kabisa na valvu zote zimefungwa, upepo ukisikika ukitokea kwenye throto, valvu ya hewa haifungi, ukitokea kwenye ekzosti, ni valvu ya moshi, ukitokea kwenye kifuniko cha oili, ni ringi.

Wakati mwingine kusafisha tu kunairudisha kompresheni. Wakati mwingine kiti kimeshaungua, na hapo silinda hedi inashuka.

Usifungue kabla hujajua oili inatoka wapi

Sehemu hii ndiyo inayorukwa, na ndiyo iliyonifundisha. Niliwahi kusafisha valvu za Golf moja ya TSI kwa siku nzima, zikang'aa kama mpya. Haikumaliza mwaka, likarudi na mtetemeko uleule. Tulipofungua tena, ukoko ulikuwa umerudi, tena laini na wenye unyevu wa oili. Utando wa mpira ndani ya kifaa cha PCV ulikuwa umechanika tangu awali, na manifodi ilikuwa ikivuta oili moja kwa moja. Kazi yangu ya kwanza ilikuwa nzuri na haikumsaidia mwenye gari.

Tangu siku hiyo naanza na kipimo hiki. Injini ikiwa kwenye sailensi, jaribu kufungua kifuniko cha kujazia oili. Mvuto mdogo ni wa kawaida kwenye injini nyingi. Lakini kikiwa kinang'ang'ania kana kwamba kimenyonywa, na mlio wa filimbi unaosikika kwenye injini hubadilika au hukoma ukikiinua, utando wa PCV umekufa. Ukisikia badala yake upepo na moshi vinakusukuma mkono, gesi inapita kwa wingi kwenye ringi.

Halafu sili za valvu. Gari likitoa moshi wa bluu mara tu unapowasha asubuhi kisha unakoma, au likitoa moshi baada ya kushuka mlima mrefu bila kukanyaga mafuta ukaja kukanyaga, oili inashuka kwenye shina la valvu. Kwa injini ya kawaida yenye nozeli kwenye njia ya hewa, hii ndiyo sababu kubwa ya kukuta ukoko wa maana. Kwa injini yenye turbo, chungulia pia ndani ya bomba linalotoka turbo: unyevu kidogo si kitu, dimbwi ni tatizo.

Tazama kwa macho

Siku hizi kamera ndogo ya waya inayochomekwa kwenye simu haina bei ya kutisha. Fungua throto, pitisha kamera kwenye manifodi mpaka kwenye mlango wa silinda, kama umbo la manifodi linaruhusu. Kwenye baadhi ya injini utalazimika kuchomoa kihisi kilichoko kwenye manifodi ili upate tundu. Utando mweusi mwembamba unaoacha umbo la valvu likionekana hauna haja ya kuguswa. Ukiona uvimbe mweusi kwenye shina, kama udongo wa mchwa kwenye mti, na umbo la valvu limepotea, umefika.

Piga picha, uzitunze.

Kuusafisha

Dawa ya kupulizia kwenye throto injini ikiwaka, nitaisema kwa ufupi. Inalainisha uchafu mpya, hailitoi tabaka lililokauka miaka kadhaa. Kwenye injini yenye turbo ina hatari yake, kwa sababu kipande kinachobanduka kinatoka kwenye silinda kuelekea kwenye turbo inayozunguka kwa kasi kubwa mno, na mabaki mengine yanaishia kwenye masega. Ukiitumia, itumie kwenye valvu ambazo bado ni safi, kwa kiasi kilichoandikwa kwenye kopo. Wale wanaomimina maji au mafuta ya taa kwenye throto injini ikiwa inazunguka waambie waache. Kimiminika hakibanwi. Kikizidi ndani ya silinda, pistoni inagonga ukuta usiosogea na mkono wake unapinda.

Kazi ya kweli ni kufungua manifodi.

Injini iwe imepoa kabisa. Toa presha ya mafuta kwanza: chomoa fyuzi ya pampu ya kwenye tangi, washa gari liwake hadi lizime lenyewe, piga stata mara moja zaidi, kisha uliache masaa kadhaa. Reli ya mafuta kwenye injini hizi hufanya kazi kwa presha inayofikia au kuzidi bar 100, na nyingine bar 200. Mkono wa mtu hauwezi kusimama mbele ya hiyo. Toa nyaya za betri. Piga picha kila soketi kabla hujaichomoa.

Kwenye baadhi ya injini, hasa zile TFSI za mwanzo, manifodi ikitoka nozeli zinatoka nayo, na sili zake za Teflon lazima ziwe mpya na zivalishwe kwa kifaa maalumu. Ulizia mapema kama zinapatikana, maana gari likishafunguka na sili hazipo, litakaa hapo.

Manifodi ikishatoka, ziba matundu yote kwa vitambaa safi, na uvihesabu. Kila kitambaa kilichoingia lazima kitoke. Nati moja ikidondokea mlangoni, inaweza kumaliza injini.

Sasa jambo lisilo na mjadala: silinda unayoisafisha lazima valvu zake za hewa ziwe zimefungwa. Zikiwa wazi, ukoko na dawa vinashuka moja kwa moja juu ya pistoni na kukwaruza ukuta wa silinda. Kwa injini ya silinda nne zilizonyooka, yenye mpangilio wa moto wa 1-3-4-2, silinda ya 1 ikiwa juu kabisa mwisho wa kubana, valvu za hewa za 1 na 2 zimefungwa. Zungusha krenki mzunguko mmoja kamili, na za 3 na 4 zitakuwa zimefungwa. Zungusha kwa spana kwenye boliti ya puli, upande ule injini inaozungukia ikiwaka. Usiirudishe nyuma: kwenye injini nyingi za cheni kifaa kinachoikaza cheni hutegemea presha ya oili, na ukizungusha kinyume cheni inaweza kuruka jino. Kisha hakikisha kwa tochi. Mimina dawa kidogo kwenye mlango: ikibaki imetuama, valvu imefunga, ikishuka, simama.

Njia ya mkono inawezekana katika gereji yoyote. Jaza dawa ya kusafishia valvu au kabureta hadi ifunike uvimbe, iache dakika 20 hadi 30, sugua kwa brashi ya shaba na vijiti vya plastiki ngumu, nyonya uchafu kwa sindano kubwa isiyo na ncha, futa, mimina tena. Ukoko uliokomaa unahitaji kurudia mara tatu au nne kwa kila silinda. Usitumie bisibisi ya chuma karibu na kiti cha valvu. Na usinyonye dawa mbichi kwa mashine ya kawaida ya kufyonza vumbi: mvuke wa dawa hizi unawaka, na mota ya mashine inatoa cheche ndani.

Njia iliyo bora ni kupiga maganda ya jozi yaliyosagwa kwa kompresa, kupitia bomba linaloziba mlango wa silinda huku mashine ya kufyonza ikivuta mabaki upande wa pili. Hapa mlango uwe umekauka, bila tone la dawa. Maganda ni magumu kuliko kaboni na laini kuliko chuma, hivyo yanabandua bila kukwaruza, na punje iliyosahaulika inaungua. Ni kazi ya dakika chache kwa kila silinda. Usikubali mtu akuambie mchanga ni sawa na hayo. Mchanga ni mgumu kuliko chuma cha ukuta wa silinda, na punje chache tu zikipenya zitakula ringi.

Ukimaliza, puliza upepo, tazama kwa kamera, toa vitambaa ukihesabu. Gaskiti ya manifodi iwe mpya. Kaza boliti kuanzia katikati kwenda pembeni. Rudisha fyuzi, washa umeme bila kupiga stata mara mbili tatu ili pampu ijaze mafuta, nusa kama kuna kinachovuja, ndipo uwashe. Moshi wa dakika chache za mwanzo ni mabaki ya dawa. Kama unashuku dawa ilishuka kwenye silinda, badilisha oili kabla gari halijaondoka. Futa namba za makosa, na gari lilale gereji usiku mmoja. Mtihani wake ni asubuhi.

Dizeli

Mazda CX-5 ya dizeli, Prado na Hilux za D-4D zina habari yake. Valvu zake huchafuka, lakini mzigo mkubwa uko kwenye manifodi na EGR, ambako masizi ya moshi na mvuke wa oili huwa tope zito kama lami. Gari linakosa nguvu, linatoa moshi mweusi, na DPF, chujio la masizi kwenye ekzosti, inajaa kabla ya wakati. Manifodi inafunguliwa, inalowekwa, inasuguliwa. Kuziba EGR kwa bati, kama wengi wanavyofanya, kunaficha dalili, kunaongeza sumu kwenye moshi tunaouvuta sote, na kwenye magari mapya kunawasha taa.

Kuuzuia usirudi

Huwezi kuuzuia kabisa kwenye injini isiyo na nozeli ya njia ya hewa. Unaweza kuuchelewesha sana.

Oili ndiyo ya kwanza. Tumia ile iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari, kwa uzito wake na kwa kiwango chake. Oili za sintetiki nzuri hutoa mvuke mdogo zinapopata moto. Ile 20W-50 ambayo wauzaji wengi huitoa kwa gari lolote lililotembea haifai kwa injini iliyoandikiwa 0W-20 au 5W-30: inachelewa kufika juu asubuhi, na inasumbua mifumo ya taiming inayotegemea presha ya oili. Kwa foleni na joto la Dar es Salaam au Mombasa, mimi hubadilisha kila kilomita 5,000 hata kama kopo linaahidi 10,000. Injini inayowaka saa mbili kwenye foleni imefanya kazi ambayo kilomita hazikuihesabu.

Usijaze oili kupita alama ya juu. Krenki huichapa ikawa ukungu, na ukungu huo unakwenda kwenye PCV kisha kwenye valvu. Wapo wanaoongeza nusu lita ya akiba kwa nia njema. Nia njema hiyo ndiyo inayopaka valvu.

Badilisha kifaa cha PCV kinapoanza kuchoka, usisubiri kipasuke. Badilisha plagi na koili kwa wakati, maana silinda inayomisi huchafua nyingine kupitia EGR. Gari la safari fupi za shuleni na sokoni pekee lipe safari ndefu mara kwa mara, nusu saa au zaidi kwa mwendo wa kasi ya wastani, injini ikiwa imepata moto kamili, ili maji na petroli vilivyoingia kwenye oili vitoke. Safari hiyo haitabandua ukoko uliokwishakauka, ila oili itakuwa kavu zaidi.

Kopo la kunasia oili, lile linalofungwa kati ya PCV na manifodi, linasaidia likiwa la aina iliyofungwa na lenye vichujio ndani. Limwagwe kila unapobadilisha oili, na msimu wa mvua mapema zaidi, kwa sababu hunasa na maji. Halikamati kila kitu, wala halizuii moshi unaorudi kupitia valvu zenyewe. Lile lililo wazi, lenye bomba linaloning'inia chini ya gari, usiliweke: linaharibu mvuto wa PCV na linamwaga oili barabarani.

Gari lililoagizwa Japani ukiwa ndiyo kwanza umelitoa bandarini, usiitegemee dashibodi peke yake kukuambia lini uchungulie. Injini nyingi za aina hii huanza kuonyesha dalili kati ya kilomita 60,000 na 120,000, na hujui la kwako liliishi vipi huko lilikotoka. Pitisha kamera mara moja wakati wa sevisi ya kwanza. Kama ni safi, pitisha tena baada ya kilomita 30,000 uzilinganishe picha, silinda kwa silinda. Silinda moja ikiwa chafu kuliko wenzake, anza na sili za valvu zake.